Pointi Tatu za Orville Stamper

Watu wa kaunti yetu wana ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa kuutibu: wakiandikiwa kosa la barabarani, hulipa siku hiyo hiyo. Hawaulizi, hawageuzi karatasi kuona nyuma kumeandikwa nini. Wanaandika hundi, wanailamba bahasha, wanaitia posta, kisha wanakwenda kula chakula cha mchana roho zikiwa zimetulia. Ndivyo walivyolelewa. Kubishana na serikali juu ya jambo ambalo kweli umelifanya, kwao ni utovu wa adabu.

Mimi naitwa Arlene Combs. Nimekaa kwenye dirisha la kesi za barabarani, mahakama ya kaunti, mwaka wa ishirini na sita huu, na nimeona watu wazuri wakijiumiza wenyewe kwa hizo hundi. Maana hapa Kentucky ukilipa umekiri. Ukikiri, pointi zinaingia kwenye rekodi ya leseni yako. Zikifika kumi na mbili ndani ya miaka miwili, unaweza kukaa miezi sita bila leseni. Yote hayo yameandikwa nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo zinazohitaji macho ya kijana, na vijana ndio hawasomi kabisa.

Utasema, basi Arlene, si uwaambie? Juu ya kichwa changu kuna kibao: MAKARANI HAWARUHUSIWI KUTOA USHAURI WA KISHERIA. Naweza kukwambia choo kiko wapi. Naweza kukwambia jaji anaingia saa ngapi na kukusomea kilichoandikwa. Lakini ukiniuliza, "Arlene, nifanyeje?" natakiwa nikae kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya. Wanaonijua wanajua ninavyoteseka.

Orville Stamper alikuja siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, siku tano baada ya kumzika mkewe Geneva. Mzee wa miaka themanini na moja, mrefu, amelima tumbaku maisha yake yote kule Caney Fork. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Kifua cha shati kilinyooka, mikono yake ilibaki na makunyanzi. Nilipoliona shati lile nikashikwa na huruma hata kabla hajafungua mdomo.

"Bi Arlene," akasema, akavua kofia. "Nimekuja kulipa."

"Pole tena na msiba, Mzee Orville. Unapata usingizi?"

"Kiasi. Hundi hii hapa."

Akaisukuma chini ya kioo pamoja na karatasi ya askari. Nikaisoma. Kupita taa nyekundu, makutano ya Barabara Kuu na Mtaa wa Kinu. Nikaangalia tarehe, nikaangalia tena. Ilikuwa ile Alhamisi ya mazishi yenyewe.

"Ulikuwa unakwenda makaburini?"

"Nilikuwa nakwenda makaburini."

Nikaingiza jina lake kwenye kompyuta huku nikimwongelesha mambo ya kawaida, kama tunavyofanya hapa.

"Randall bado yupo?" Randall ni mwanawe wa pekee, anauza bima Indianapolis.

"Amerudi kwake jana. Ameniachia nyama ya kuoka kwenye friji ya kulisha kikosi kizima, na maneno mengi." Akatabasamu kidogo. "Anataka nihamie kwake. Anasema mzee hawezi kukaa peke yake, maili kumi na saba kutoka dukani. Nimemwambia maadamu nina leseni na gari linawaka, mimi siendi popote. Nyumba ile tumeijenga na mama yake. Na Geneva mwenyewe yuko hapa. Nitakwenda Indianapolis kumtazama nani?"

"Naye akasemaje?"

"Akasema haya, lakini siku leseni ikienda, anakuja na lori la kuhamisha vitu, na hataki ubishi. Tukapeana mikono."

Wakati huo huo kompyuta ikafunguka. Orville alikuwa na pointi tisa. Mwendo kasi, pointi sita, mwezi wa kumi mwaka jana. Mwendo kasi tena, pointi tatu, mwezi wa pili. Zote mbili kwenye barabara ya Lexington, ya kwenda hospitali. Sikuhitaji kuuliza nani alikuwa kiti cha pembeni akiugulia. Na zote mbili zililipwa kwa posta, wiki ile ile.

"Mzee Orville," nikasema polepole, "umesoma nyuma ya karatasi?"

"Nyuma kuna nini?"

"Nikusomee."

Nikamsomea. Nikasoma kila neno, kila nukta, kwa sauti ya kanisani. Penye neno "pointi" nikatua nikamtazama. Alisikiliza kwa heshima zote, kofia mkononi, na nilipomaliza akasema, "Umesoma vizuri sana. Sasa chukua hundi."

"Unazo pointi tisa tayari."

"Za nini?"

"Za barabara ya Lexington."

"Zile nililipa."

"Ndiyo. Kulipa ndiko kulikoziingiza."

Akalifikiria hilo. "Kwa hiyo nisingelipa?"

"Sikusema hivyo."

"Basi unasema nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Binti, mimi baba yako nilimjua. Baba yako hakuwa mtu wa kuzungusha maneno."

"Baba yangu hakuwa karani wa mahakama."

Nyuma yake foleni ilianza kuchezesha miguu. Orville akainama karibu na kioo. "Na hii ya taa nyekundu ni pointi ngapi?"

"Tatu."

Nikaona midomo yake ikihesabu. Tisa na tatu. Alipofika, mkono ulioshika kofia ukashuka.

"Bi Arlene," akasema. "Nifanyeje?"

Swali ndilo hilo. Nikatazama kibao juu yangu, na laiti kingekuwa karibu ningekipiga na kiatu. Nikamwambia kile ninachoruhusiwa, neno kwa neno: unaweza kulipa, unaweza kukana kosa, unaweza kuomba tarehe ya kwenda mbele ya jaji.

"Kukana?" Masikio yake yakawa mekundu. "Nilipita. Yule askari kijana, Muncy, aliniona kwa macho yake. Nimzike Geneva Alhamisi, halafu nije hapa nianze kusema uongo? Hapana. Chukua hundi, binti. Kama ni Indianapolis, basi ni Indianapolis."

Akaisukuma hundi mpaka ikagusa vidole vyangu.

Sasa, wa tatu kwenye foleni alikuwa Twyla Begley. Twyla anapeleka vipuri vya magari kwenye gereji za kaunti nne na hajawahi kumaliza mwaka bila kuja dirishani kwangu. Leseni yake imesimamishwa mara mbili. Mwanamke huyo anazijua pointi za jimbo hili kuliko baadhi ya mawakili, kwa kuwa kila moja ameionja mwilini mwake. Nilimwona amesimama pale anatafuna bazoka, na nikapata wazo.

"Jamani, naomba radhi," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Karani ana haki ya dakika kumi za kahawa. Karani haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Sijui kama kuna sheria inayoikataza foleni. Twyla, unaijua sheria ya namna hiyo?"

Twyla akaacha kutafuna. "Siijui hata moja, Bi Arlene."

"Haya."

Nikairudisha hundi upande wa Orville, nikateremsha pazia la dirisha, nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha mafaili, ambao haufungi vizuri. Kahawa sikunywa.

"Babu, hebu sogea hapa," nikamsikia Twyla. "Hiyo karatasi yako ni ya nini? Taa nyekundu? Ee, za aina hiyo mimi ninazo nne. Pointi unazo ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Babu wewe! Na mimi najiona mhuni." Watu wakacheka, hata Orville nilimsikia akikohoa kicheko. "Sasa sikiliza. Usiitume hiyo hundi. Ukiituma umekwisha."

"Sitaki kukana. Nilifanya."

"Nani kakwambia ukane? Kiri! Kiri mpaka uchoke. Lakini nenda ukakiri mbele ya jaji, usikiri ndani ya bahasha. Bahasha haiwezi kukuuliza kitu. Jaji anaweza kukupeleka darasani, lile la madereva. Unakaa muda wa saa nne kwenye chumba cha chini cha maktaba, wanakuonyesha sinema za magari yaliyopondeka, ukitoka pointi haziingii. Wewe hujawahi kwenda?"

"Sikujua kama lipo."

"Limeandikwa nyuma ya karatasi."

"Kila kitu kimeandikwa nyuma ya karatasi," akasema Orville kwa uchungu.

"Tatizo ni kwamba huyu Jaji Pruitt, mtu mwenye pointi nyingi hampi darasa hivi hivi. Anataka umpe sababu, na ole wako umpe ya kutunga, anainusa. Mimi nilimwambia breki zilikataa. Akatuma askari akazijaribu palepale nje." Kicheko tena. "Lakini wewe sababu unayo! Si ulikuwa kwenye msafara wa mazishi? Msafara unaruhusiwa kupita nyekundu. Taa zimewashwa, magari yamefuatana, mnapita tu. Sheria hiyo."

"Sikuwa kwenye msafara. Nilikuwa nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

"Nyuma."

"Mume wa marehemu? Kwa nini uwe nyuma?"

Kisha Orville akasema, kwa adabu lakini kwa sauti iliyofunga mlango, "Hilo halimhusu mtu, mama."

Nilipopandisha pazia alikuwa amesimama mbele ya dirisha, hundi imekunjwa mfukoni mwa shati. "Naomba tarehe," akasema. "Nitakwenda kukiri mbele ya mtu. Lakini hadithi sitoi."

Nikampa Alhamisi ya wiki ya pili. Twyla alipofika zamu yake nikamhudumia kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuuona kwangu, akaniuliza kama naumwa.

Siku ile chumba cha mahakama kilijaa, kwa sababu Alhamisi ni siku ya kesi zote za barabarani na hapa kwetu kila aliyekaa kwenye benchi ni jirani au binamu wa mtu. Mimi hukaa kwenye meza ndogo mbele ya jaji, naandika hukumu kwenye karatasi za kesi. Orville alikuwa benchi la mbele na lile shati jeupe. Nyuma yake alikaa Randall, ameendesha gari usiku kwa muda wa saa nne akitokea Indianapolis, macho yamevimba. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa amemletea baba yake kahawa na mkate wa soseji kwenye mfuko wa karatasi, na kila dakika mbili alikuwa akimwinamia, "Baba, umekula? Baba, kula kidogo." Twyla naye alikuwa nyuma kabisa, kwa kesi yake mwenyewe.

Jaji Pruitt akaita jina. Orville akasimama.

Kwanza alizungumza askari, kijana Muncy, miaka ishirini na sita. Alisema siku ile yeye mwenyewe alisimama makutano ya Mtaa wa Kinu kuzuia magari ili msafara wa Bi Stamper upite. Aliweka kofia kifuani mpaka gari la mwisho. Akasubiri kidogo, kisha akaruhusu njia.

"Dakika nne baadaye," akasema, "ikaja pikapu ya Mzee Stamper. Taa ilikuwa nyekundu kitambo. Hakupunguza mwendo. Kulikuwa na lori la maziwa linakatiza, likafunga breki. Kati yao palibaki labda hatua mbili." Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, nilitaka kumwachia. Nilimjua ni nani na anakwenda wapi. Lakini hatua mbili."

"Ulifanya sawa," akasema jaji. "Bwana Stamper, unakiri au unakana?"

"Nakiri, mheshimiwa. Muncy amesema kweli."

"Una la kuongeza?"

"Sina."

Nyuma kabisa Twyla akakohoa kikohozi cha kuamsha wafu. Jaji akamtazama juu ya miwani, akarudi kwa Orville.

"Bwana Stamper, hili likiingia unafika pointi kumi na mbili. Unaelewa maana yake?"

"Nimesomewa, mheshimiwa. Mara mbili."

"Ninao uwezo wa kukupeleka darasani, pointi zisiingie. Lakini nikikurudisha barabarani lazima nijue ninamrudisha nani. Watoto wa watu wanapita pale Mtaa wa Kinu. Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu. Kwa nini ulikuwa nyuma ya msafara wa mkeo dakika nne?"

Orville akaigeuza kofia mkononi. Nilifikiri hatasema. Nilijikuta nimeishika kalamu mpaka vidole vinauma, namwambia kimoyomoyo, sema, mzee wangu, sema, usiniletee ukaidi hapa.

"Niliwapisha," akasema hatimaye.

"Nani?"

"Wote. Pale uwanjani kanisani, wakati wa kutoka. Randall alitaka nipande gari la familia, nikakataa, nikasema nitaendesha mwenyewe. Basi kila gari lililofika, nikalipungia lipite. Kuna akina mama wazee, kuna watu wametoka mbali. Huwezi kumkatia mtu mbele, hata kama." Akakuna shingo. "Nilipoangalia, nikawa wa mwisho."

Kwenye mabenchi watu walitikisa vichwa, lakini si kwa kumshangaa. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye asingepunga mkono vilevile.

"Wa mwisho bado uko kwenye msafara," akasema jaji. "Sizioni dakika nne."

"Nilisimama njiani. Pale kabla ya daraja. Kulikuwa na kijana wa idara ya barabara anakata majani kando. Alipoona gari la maiti alizima mashine, akavua kofia, akasimama hivyo jua lote lile mpaka mimi nafika. Si mtu wa huku. Geneva hakumjua hata kwa jina. Nikaona siwezi kumpita tu. Nikasimama, nikashuka, nikampa mkono."

"Na msafara ukaenda."

"Ukaenda."

Jaji Pruitt aliandika kitu. Nikapumua. Sababu ilikuwa imepatikana, tena nzuri, ya kweli, na kila mtu chumbani alijua mzee ameokoka. Kisha jaji akauliza swali moja zaidi, kama anavyomwuliza kila mtu, na nadhani hata yeye hakutarajia kitu.

"Basi ukawa unawakimbilia. Ulipoiona ile taa nyekundu, uliwaza nini?"

Orville akaitazama kofia yake.

"Bwana Stamper?"

"Sikuiona," akasema.

Jaji akaweka kalamu chini. "Hukuiona taa."

"Hapana."

"Lori la maziwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Hata hilo. Nimekiri kwa sababu Muncy amesema ilikuwa nyekundu, na Muncy hasemi uongo."

Randall akafumba macho. Mimi nikataka kuingia chini ya meza. Mtu anayepita taa kwa haraka anapelekwa darasani. Mtu wa miaka themanini na moja asiyeona taa wala lori la maziwa, huyo hapelekwi darasani, huyo anapelekwa kupimwa macho na leseni inaweza kwenda moja kwa moja, si kwa miezi sita tu. Mzee alikuwa amejichimbia shimo kwa mdomo wake mwenyewe, na yote kwa kutotaka kusema uongo mdogo ambao kila mtu chumbani angemsamehe.

"Macho yako yana tatizo?" akauliza jaji, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Macho ni mazima. Nilipimwa mwezi wa tatu. Karatasi ya daktari ninayo garini."

"Basi sielewi."

Orville akageuka. Aliyatazama mabenchi, mabenchi yote, wale wanaume aliouza nao tumbaku, aliokaa nao kanisani, aliobeba nao majeneza ya watu wengine. Kwetu mwanaume hushika ukingo wa jeneza uso ukiwa mkavu. Ndivyo alivyoushika wa Geneva, nimesimuliwa na wengi, na walimsifu kwa hilo. Akamtazama mwanawe mwisho. Kisha akarudi kwa jaji, na akasema kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekaa hatua tatu niliisikia kwa shida.

"Nilikuwa nalia."

Hakuna aliyekohoa, hata Twyla.

"Kanisani sikulia," akasema Orville. "Niliweza. Lakini yule kijana na kofia yake... Nilipanda garini, nikaona kiti chake kitupu. Geneva huwa ananiambia, 'Orville, washa indiketa. Orville, kuna lori.' Miaka hamsini na nane ananiambia. Nikashindwa. Toka darajani mpaka Muncy aliponisimamisha, sikuona kitu, mheshimiwa. Nilikuwa naendesha kwa mazoea tu. Ningeweza kuua mtu. Nimelifikiria hilo kila usiku. Kwa hiyo ukiichukua leseni, sitasema umenionea."

Nimekaa chini ya majaji watano katika miaka yangu, na sijawahi kumwona hata mmoja akivua miwani akaifuta wakati haina kitu. Jaji Pruitt aliifuta ile miwani upande huu na upande ule. Alipoivaa tena alizungumza kwa ukali, ukali wa mtu anayejishikilia.

"Mahakama inapokea kukiri kwako. Utakwenda darasani, ukae muda wote wa saa nne, na ukichelewa utanitambua. Pointi haziingii. Karatasi ya daktari wa macho umpe karani leo kabla hujaondoka. Na Bwana Stamper."

"Naam, mheshimiwa."

"Machozi yatakuja tena. Yakija, unaweka gari pembeni, unawasha taa za hatari, unakaa mpaka yaishe. Hata kama ni saa nzima. Hilo si ushauri, ni amri ya mahakama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikuwa aondoke. Badala yake akanisogelea, akainama juu ya karatasi zangu, masikio mekundu.

"Bi Arlene," akanong'ona. "Hayo ya kulia. Unayaandika?"

Nilikuwa nimeandika mistari miwili: kosa limekubaliwa, darasa, hakuna pointi. Nikamgeuzia karatasi aione mwenyewe.

"Siandiki, Mzee Orville. Naandika hukumu peke yake."

"Asante," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma.

Randall alimsubiri mlangoni. Hakusema kitu cha lori la kuhamisha vitu. Alimshika baba yake kiwiko, Orville akautoa mkono wake kama mzee yeyote wa kiburi, kisha akaurudisha mwenyewe.

Wakati wa mapumziko nilirudi ofisini kwangu, ambako dirisha la nyuma linatazama barabara. Niliiona pikapu ya Orville ikitoka uwanja wa mahakama, mzee kwenye usukani, Randall kiti cha pembeni. Ilikwenda taratibu hadi kwenye ile taa ya Mtaa wa Kinu, ikasimama kwenye nyekundu, ikangoja, ikaondoka kwenye kijani. Haikufika mbali. Mbele ya duka la chakula cha mifugo indiketa ikawaka, gari likaingia pembeni, na taa za hatari zikaanza kuwaka na kuzima. Kwa kioo cha nyuma niliona vichwa viwili, kimoja kimeinama, na baada ya muda kile kingine kikainama pia.

Walikaa pale dakika ishirini na tano. Magari yaliyotoka nyuma yao yalizunguka polepole, hakuna aliyepiga honi.

Pale mbele ya duka hapaegeshwi gari, kibao kipo, kikubwa tu. Muncy alitoka mlango wa mahakama na kile kitabu chake cha kuandikia makosa, akaitazama pikapu, akakitia kitabu mfukoni, akarudi ndani kunywa kahawa.